Msusi anayewahoji wanafunzi kabla hawajaiuliza simu

Ni Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, na kichwa cha kwanza kimeshagawanywa sehemu nne. Msichana aliyeketi kitini ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Shingo ameikaza kama alivyoambiwa, lakini vidole vyake viko huru, navyo vinacheza juu ya simu iliyolala mapajani.

Anaisogeza simu karibu na mdomo na kuinong'oneza: "Andika insha kuhusu maji."

Nyuma yake, mkono wa msusi unasimama. Rasta imebaki katikati ya vidole, haipandi wala haishuki.

"Maji gani?" anauliza msusi.

Msichana anacheka, akidhani ni utani. Si utani. Msusi anataka kujua kama ni maji ya kunywa, ya mvua, ya kumwagilia au haya yaliyokatika mtaani tangu Jumatano. Anataka kujua insha ni ya somo lipi, ya kurasa ngapi, na mwalimu alisema nini siku alipoitoa. Msichana anajibu la kwanza, anababaika kwa la pili, na kwa la tatu inambidi afungue mkoba atafute daftari. Inaonekana mwalimu alitaka waeleze kwa nini mabomba ya mtaa mmoja hukauka na ya mtaa wa pili hayakauki.

"Sasa mwambie hayo yote," anasema msusi, na vidole vinaanza tena kwenda. "Hata mimi, ungekaa hapo ukaniambia 'nisuke' ukanyamaza, ningekusuka nijuavyo mimi. Ungetoka hapa unalia."

Wateja humwita Mama Mistari, kwa kuwa mistari anayoigawa kichwani mwa mtu imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na ishirini na mitano kati ya hiyo ameitumia amesimama nyuma ya vichwa vya watu.

Saluni yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la madaftari. Ndani mna kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya plastiki, stuli, ndoo ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta, na benchi la mbao lililoegemezwa ukutani. Leo benchi lina wanafunzi wanne. Wawili kati yao hawakuja kusuka.

Hao wawili wamekuja kuulizwa maswali.

Mtaa huu umezungukwa na vyuo viwili na shule ya sekondari, na kwa muda wa miaka miwili mitatu hii wanafunzi wake wamezoea programu za akili bandia, zile ambazo mtu huziandikia au kuzisemesha kwenye simu nazo zikamjibu kama mtu. Wanazitumia kwa insha, kwa hesabu, kwa ripoti. Wengi wao, kwa maneno ya Mama Mistari, wanazitumia "kama mtu anayerusha jiwe gizani kisha akashangaa halikudondosha embe."

Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili. Baba yake alifariki, ada ikakosekana, na shangazi yake aliyekuwa akisuka barazani akamwita amsaidie kuchambua nywele. "Nilidhani ni kwa likizo moja," anasema. "Likizo yenyewe haijaisha mpaka leo."

Mazoea ya kuuliza kabla ya kugusa kichwa hakuzaliwa nayo. Mwaka wake wa pili kazini alikuja mama mmoja aliyekuwa akienda harusini, akasema asukwe vizuri tu. Mama Mistari alimsuka kwa saa sita, vizuri kwelikweli, nyembamba za kumwagika mpaka mgongoni. Mteja alipojitazama kiooni machozi yakamtoka. Alikuwa amepanga kufunga kilemba, na zile nywele hazikukubali kilemba cha aina yoyote. Zikafumuliwa zote, bure.

Tangu siku hiyo hagusi kichwa kabla hajajua mteja anakwenda wapi, nywele zikae wiki ngapi, anafanya kazi gani, analala ubavu gani, na kama ngozi ya kichwa inamuuma. Wasiomzoea huona anachelewesha kazi. Yeye husema dakika kumi za kuuliza humwokolea saa tano za kufumua.

Kwa siku njema husuka vichwa viwili. Siku mbaya ni kimoja, au anafagia chumba kisafi na kurudi nyumbani. Kodi ya chumba humeza kipato cha siku nane za kila mwezi. Mume wake ni dereva wa lori la masafa marefu, huonekana nyumbani kila baada ya wiki mbili. Wana mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na saba aliye kidato cha tatu.

Habari ya wanafunzi na simu ilianzia kwa mteja mmoja ambaye saluni nzima inamjua kwa jina la Kidoti, kwa ajili ya doa jeusi alilonalo juu ya mdomo. Kidoti anasomea uuguzi. Mwaka jana, alasiri moja, aliingia kufumua nywele, akaketi, na kabla ya msuko wa tatu kufumuliwa akaanza kulia kimyakimya, mabega yanatikisika.

Mama Mistari alidhani amemuumiza. Haikuwa hivyo. Chuo kilikuwa kimewataka waandike ripoti ya mgonjwa mmoja waliyemhudumia wodini. Kidoti, akiwa amechoka na zamu, alikuwa ameiambia simu yake imwandikie ripoti ya uuguzi ya mgonjwa mwenye kidonda. Simu ikatii. Ikatoa ripoti ya kurasa nne, safi kama mashuka ya hoteli, inayomhusu mzee wa miaka sitini na saba ambaye mwanawe wa kiume humletea uji kila asubuhi.

Mkufunzi aliisoma, akamwita, akamuuliza swali moja tu: mzee huyo alilazwa kitanda namba ngapi?

Hakukuwa na mzee. Mgonjwa wa Kidoti alikuwa mwanamke aliyeungua mguu kwa mafuta ya kukaangia. Mkufunzi akampa wiki moja aandike upya, la sivyo angerudia somo zima mwaka unaofuata.

"Nilikuwa na aibu hata ya kumwambia mama yangu," anasema Kidoti, ambaye leo ni mmoja wa walioketi kwenye benchi. "Nikajikuta namwambia msusi. Mtu akiwa nyuma yako humwoni uso, kwa hiyo maneno yanatoka."

Mama Mistari hakumkaripia. Alimuuliza juu ya yule mwanamke aliyeungua. Kidoti akaeleza. Akaeleza kuwa mgonjwa alikataa kubadilishiwa bandeji asubuhi, wauguzi wakamwona mkaidi, mpaka yeye Kidoti akagundua kwamba dawa ya maumivu ilikuwa ikitolewa baada ya bandeji, badala ya kabla. Alikwenda kumwambia muuguzi mkuu. Ratiba ikabadilishwa. Mgonjwa hakukataa tena. Maelezo yalichukua zaidi ya saa nzima, na nywele zote zikawa zimefumuliwa.

"Hayo uliyoniambia mimi," Mama Mistari akamuuliza, "umemwambia huyo wa kwenye simu?"

Kidoti akasema hapana.

"Basi angeyajuaje?"

Siku iliyofuata Kidoti alirudi na karatasi ya maelekezo ya mkufunzi, wakakaa pamoja. Mama Mistari alikuwa anauliza, Kidoti anaandika. Aliiambia programu kwamba yeye ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, akanakili kile hasa mkufunzi alichotaka, akaweka maelezo yake mwenyewe ya wodini bila kutaja jina la mgonjwa. Halafu akaongeza sentensi ambayo, kwa maoni yake, ndiyo iliyomwokoa: usiniandikie ripoti, soma niliyoandika uniulize nilichosahau.

Programu ilimuuliza maswali manane. Sita aliyajibu palepale. Mawili hakuyajua, ikambidi arudi wodini akaangalie faili. Ripoti akaiandika kwa mkono wake, na mwishoni akaeleza wazi jinsi alivyosaidiwa, kama chuo kinavyotaka. Mkufunzi alimpitisha, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba sasa amemwona mgonjwa.

Habari za namna hiyo hazikai saluni moja. Kidoti aliwaambia wenzake, wenzake wakaja, wengine na nywele na wengine bila. Mama Mistari alianza kuisikiliza kazi yake kwa sikio jingine. Kwa saa nne au tano za kila kichwa alikuwa akisikia jinsi vijana wanavyouliza na jinsi wanavyojibiwa, na polepole akatambua kwamba jibu la ovyo huanza na swali la ovyo.

Si kila mteja alilipenda jambo hilo. Mwanafunzi mmoja wa biashara alimwambia kwa upole kwamba amekuja kusukwa, hakuja shule, na tangu hapo husukwa kwingine. Mama Mistari hamlaumu. "Kichwa ni chake," anasema.

Alijijengea pia tahadhari. Siku moja mchana, hakuna mteja, aliazima simu ya jirani yake muuza madaftari akaiuliza programu jambo analolijua kuliko mtu yeyote mtaani: asuke vipi nywele za mbele za mtoto wa miaka mitatu, ambazo ni laini na chache. Programu ikamjibu kwa ufasaha kwamba aanze kwenye ukingo wa paji la uso na avute kwa nguvu ili msuko udumu.

"Ukivuta hapo unamng'oa mtoto nywele, hazirudi," anaeleza. "Nikamwambia umekosea. Akaniomba radhi palepale, akasema kinyume chake kwa uhakika uleule. Sasa mtu anayegeuka upesi namna hiyo, ana adabu, sikatai, lakini utamwachia kichwa cha mtoto?"

Kutoka hapo kila mwanafunzi mgeni kwenye benchi lake huanza kwa kuiuliza programu kitu anachokijua mwenyewe kwa undani. Wa kilimo huuliza kilimo chake, mcheza mpira huuliza mpira. Wakishaiona inakosea mahali wanapopaona, huacha kuiamini kama msahafu mahali wasipopaona, na hukumbuka kufungua kitabu wahakikishe.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wakati Mama Mistari anasifiwa na watoto wa watu, wa kwake alikuwa anazama.

Ujumbe kutoka shule ya sekondari ulifika siku ya Jumanne, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Alimfunga mteja kitambaa, akamwomba asubiri, akaenda kwa miguu huku mafuta ya nywele yakiwa bado viganjani.

Mwalimu wa fizikia, mtu mtaratibu anayezungumza kama anayepima maneno kwa mizani, aliweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi ya nyumbani: alama kumi na tisa kwa ishirini. Ya pili ilikuwa jaribio la darasani, mada ileile, swali la tatu likiwa karibu lilelile: alama nne kwa ishirini. Binti alikuwa amesimama pembeni akitazama vidole vya miguu yake.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mtihani wa mwisho wa muhula ukiwa na sura ya karatasi ya pili, mtoto ataondolewa kwenye mkondo wa sayansi. Binti huyo tangu darasa la tano alikuwa akisema anataka kuwa mhandisi wa maji.

"Nilikuwa nikijisifu kwa wateja," anakumbuka Mama Mistari. "Kumi na tisa, kumi na nane, kila siku. Kumbe nilikuwa najisifia simu."

Aliinyang'anya ile simu jioni hiyo. Binti hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo, akiwa ameshika mlango wa chumba chake: "Nisipoiuliza hiyo, nimuulize nani? Wewe?"

Mama Mistari alikuwa anaosha vitana. Aliosha vitana vyote, akavipanga, akavirudia tena kuviosha. Kwa siku tatu nyumba ile ilikuwa na salamu za asubuhi na za jioni, basi.

Siku ya nne akamrudishia simu, na sharti moja: akitoka shule aje saluni, akae kwenye stuli, na lolote analoiuliza simu aliulize kwa sauti, mama asikie.

Alichokisikia siku ile hajakisahau. Binti alipiga picha ya swali kitabuni, akaituma, na chini yake akaandika neno moja. Jibu.

"Nikamwambia, mwanangu, hata kuku ukimwita hutaja zaidi ya hapo."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka, na binti, ambaye kwa siku nne hakuwa amecheka, akashindwa kujizuia.

Swali lilihusu mgandamizo. Sanduku lile lile, lenye uzito ule ule, linalazwa mezani kwa upande mpana kisha kwa upande mwembamba. Mwanafunzi apige hesabu na aeleze ni wakati gani linaikandamiza meza zaidi. Mama Mistari hakulijua jibu. Alichofanya ni kumhoji bintiye kama anavyomhoji mteja. Wewe ni nani, huyo anayekujibu anajua uko kidato gani? Umejaribu nini mpaka sasa? Umekwama wapi hasa? Unataka nini mwishoni, jibu la kuandika leo au la kukumbuka siku ya mtihani?

Binti aliandika tena, mara hii taratibu. Karatasi ya maneno yale bado ipo, imebandikwa kwa gundi ukutani nyuma ya kioo, herufi zimeanza kufifia kwa mvuke wa ndoo:

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimejaribu swali hili la mgandamizo, kazi yangu ni hii hapa chini. Nimekwama mahali pa kugawanya uzito kwa eneo, sielewi kwa nini tunagawanya. Usinipe jibu. Niulize swali moja dogo, nikishajibu ndipo uniulize jingine. Nikikosea niambie nimekosea wapi."

Swali la kwanza ambalo programu ilimuuliza lilikuwa hili: ukikanyagwa na kiatu chenye kisigino chembamba na ukikanyagwa na ndara, na aliyekukanyaga ni yule yule, ni kipi kitakuumiza zaidi?

Kabla binti hajajibu, Mama Mistari alichukua kitana chake chenye mkia wa chuma. Akakandamiza kiganjani kwa upande wa meno, kisha kwa ncha ya mkia, nguvu ile ile. Akaguna. Akampa bintiye naye ajaribu, kisha mteja akataka kujaribu. Wote watatu wakawa wanaangalia viganja vyao.

Siku hiyo pia ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo wanafunzi wa benchi wanaiona ngumu kuliko zote. Baada ya maswali na majibu, simu inazimwa, na mwanafunzi anamweleza Mama Mistari alichoelewa, yeye akiendelea kusuka. Asipoelewa, kazi haijaisha.

Mara ya kwanza hakuelewa. Binti alieleza, akarudia, kisha akakasirika akasema mama hawezi kuelewa kwa sababu hakusoma. Mama Mistari aliweka kitana chini.

"Mimi si mjinga," akasema, "na wewe si mjinga. Kuna kitu umekiruka."

Walipotafuta wakakikuta. Binti alikuwa akitumia neno eneo kama wimbo wa kukariri, bila kujua kwamba ni ule upana wa mahali kitu kinapogusa. Akairudia simu akiwa na swali la mstari mmoja tu kuhusu neno hilo, akalinganisha na kitabu, akaeleza upya. Safari hii mwanamke aliyeishia kidato cha pili alielewa kwa nini ncha ya kitana inauma.

"Niliona uso wake umebadilika," anasema binti, ambaye leo anafagia nywele chini ya viti na kujibu maswali yetu bila kuacha kufagia. "Nikajua nimejua."

Haikuwa miujiza. Kazi za nyumbani zilishuka kutoka kumi na tisa hadi kumi na mbili, maana sasa zilikuwa zake, na jambo hilo lilimuumiza. Jaribio lililofuata alipata kumi na moja kwa ishirini. Zilikuwako siku alizorudia kuandika neno lile moja, jibu, mama yake akatambua kwa kuwa hakusikia swali likisomwa, akamwita arudi kwenye stuli.

Mwalimu wa fizikia, kwa kutoamini, alimwita ubaoni asubuhi moja bila kumwonya, akampa swali la sanduku akiwa amebadilisha namba. Binti alilifanya. Alipotakiwa kueleza sababu, alitoa kitana mfukoni. Darasa likacheka, mwalimu akaomba akione, akakikandamiza kiganjani mwake mbele ya wanafunzi arobaini na wawili.

Mtihani wa mwisho wa muhula alipata hamsini na nane kwa mia. Amebaki kwenye mkondo wa sayansi.

Mwalimu huyo, alipoulizwa kwa ajili ya makala haya, alikuwa mwangalifu. Alisema bado ana wanafunzi ambao ingekuwa heri wasiiguse simu kabisa mpaka wajue jedwali lao la kuzidisha. Tatizo, alisema, ni kwamba kuuliza vizuri kunahitaji mtu awe ameshajaribu kwanza, na kujaribu ndiko wengi wanakokukimbia. "Yule mama anawalazimisha wajaribu," alisema. "Mimi nina arobaini na wawili kwa dakika arobaini. Yeye ana mmoja kwa saa tano. Namwonea wivu."

Mama Mistari halipishi kitu kwa maswali yake. Anasema hajui fizikia, hajui uuguzi, na hesabu anayoijua ni ya idadi ya rasta. "Ninachokijua ni mtu asiyejua anachotaka. Huyo nimekaa naye miaka ishirini na mitano."

Hata hivyo benchi limemletea faida asiyoitafuta. Wanafunzi wanaokuja kuulizwa hurudi kusuka, na tangu mwaka uanze siku za kufagia chumba kisafi zimepungua. Muuza madaftari wa jirani naye ameona mauzo ya kalamu yamepanda, kwa kuwa hapa hakuna anayeruhusiwa kuiuliza simu kabla hajaandika kwenye karatasi alichojaribu. Fundi viatu wa upande wa pili analalamika kwa mzaha kwamba yeye hajapata chochote ila kelele.

Na lile neno la mlangoni? Binti mwenyewe ndiye aliyeligusa, jioni moja wakifunga. Alisema anajutia siku aliyomuuliza "wewe?" Mama yake alikuwa anamwaga maji ya ndoo.

"Nikamwambia, lilikuwa swali la kweli," anasimulia Mama Mistari. "Lilikosa adabu tu."

Saa nane mchana inakaribia. Msichana wa insha ya maji ameshasukwa mpaka kichogoni, na kurasa mbili za daftari lake zimejaa mwandiko wake mwenyewe: majina ya mitaa miwili, urefu wa kilima kilicho kati yao, na jambo alilolisikia kwa fundi bomba wiki iliyopita. Programu imemuuliza maswali matano. Moja limemshinda, na ameliandika pembeni ili akamuulize fundi bomba huyo. Wa pili kwenye benchi anajipanga kueleza. Kidoti amejitolea kushika rasta.

Mama Mistari ana mipango miwili. Mwezi ujao fundi seremala atakuja kung'oa ukuta wa mbao unaotenga stoo, ili meza moja ya kuandikia ipate nafasi. Tayari ameshaichagua, ya mtumba, yenye mguu mmoja wa kutengenezwa. Na muhula ukianza atajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, somo moja kwanza, aone kama kichwa bado kinashika. Bado hajaamua ni lipi. Binti anasema iwe fizikia. Yeye anasema asiharakishwe.

Kuhusu binti, anasema hamwombei alama mia. Anamwombea afike chuo kikuu, asomee hayo maji yake.

"Sasa hivi kila anachonieleza nakielewa, kwa shida lakini nakielewa," anasema, akichovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na kuzikung'uta. "Iko siku atakaa hapo kwenye stuli anieleze vizuri kabisa, pole pole, hatua kwa hatua, na mimi nisielewe hata neno. Na kosa halitakuwa lake. Siku hiyo ndiyo ninayoingoja."